Punje kwenye samadi: mahindi ya ng'ombe yasagwe au yaparazwe?

Jirani yangu hapa nje kidogo ya Wete ananenepesha madume wawili kwa ajili ya Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja. Asubuhi moja aliniita bandani, akaokota kijiti, akachokoa samadi mbichi na kunionesha punje za njano. "Mwanangu, tazama. Mahindi haya yamevuka bahari. Nimelipia chombo, nimelipia hamali, halafu ng'ombe ananirudishia kama nilivyompa." Kabla ya adhuhuri magunia yake yalishapakiwa kwenye gari la ng'ombe kwenda mashineni, yasagwe yawe laini kama unga wa uji.

Wafugaji wengi wa Pemba na Unguja wangefanya kama yeye. Kwao, kadiri nafaka inavyolainika ndivyo mnyama anavyofaidi. Wapo wachache wanaoshikilia kwamba mahindi ya ng'ombe yaparazwe tu, yavunjikevunjike yawe chenga, basi. Hao huonekana wavivu, au wabahili wa kumlipa mwenye mashine. Mimi naona wamehukumiwa bila kusikilizwa.

Hoja ya unga nayo si ya kupuuzwa. Karibu asilimia 70 ya punje kavu ya mahindi ni wanga, na wanga huo umefunikwa na ganda ambalo bakteria wa tumboni hawalipenyi mpaka livunjwe. Mbuzi na kondoo huzitafuna punje mpaka zikalainika, ndiyo maana ukiwapa mahindi mazima hupati tabu. Ng'ombe hubugia na kumeza, na punje zilizokwepa meno hushuka nzima. Mtama ni mgumu zaidi, kwa sababu punje zake ni ndogo na kavu kama changarawe. Kumpa ng'ombe mtama mzima ni hasara tupu. Kwenye mazizi makubwa ya Marekani mahindi hupikwa kwa mvuke, kisha hubanwa baina ya magurudumu ya chuma mpaka yakawa bapa nyembamba, na wanga wake karibu wote humeng'enywa. Kwa mtu wa kisiwani anayenunua mahindi ya bara gunia kwa gunia, kila punje ina bei yake. Hilo nalikubali.

Lakini hoja hii inaishia kwenye samadi, na shida yenyewe iko kwenye tumbo kuu, lile la kwanza katika matumbo manne ya ng'ombe. Humo chakula huchachushwa. Bakteria huuvunja wanga ukawa asidi, na asidi hizo hufyonzwa na ukuta wa tumbo zikawa nguvu na nyama. Kwa hiyo asidi si adui. Kinachoamua ni mwendo wake. Chenga la mahindi huliwa na bakteria kutoka nje kwenda ndani, pole pole, mchana kutwa. Unga laini una uso mkubwa mno wa kushambuliwa, kila chembe kwa wakati mmoja, na asidi huzalishwa haraka kuliko tumbo linavyoweza kuifyonza. Hapo bakteria wanaotengeneza asidi kali ya laktiki hupata nafasi ya kuzaana, na wale wapole, wanaomeng'enya majani, hufa.

Uchachu hupimwa kwa pH, na tarakimu yake inaposhuka ndipo asidi inapozidi. Tumbo kuu lenye afya husoma pH baina ya 6 na 7. Likishuka chini ya 5.6 na kukaa huko saa kadhaa kila siku, limeshachacha, hata kama mnyama bado anakula na kutembea. Likifika 5 au chini yake, mnyama anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Tarakimu hizi zisitudanganye kwa udogo wake, kwa kuwa kila hatua moja ya pH ni mara 10. Tumbo lililotoka 6.5 likafika 5.5 limeongezeka ukali mara 10, na mwenye ng'ombe haoni kitu ila mnyama aliyebakisha chakula kidogo horini.

Kinga ya ng'ombe ni mate yake, ambayo ni kama maji ya magadi. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 kwa siku, na anapocheua ndipo yanapomwagika kwa wingi. Kinachomfanya acheue ni majani marefu yanayokwaruza ukuta wa tumbo. Unga haukwaruzi wala haucheuliwi. Kwa hiyo humwongezea mnyama asidi na papo hapo humpunguzia dawa yake.

Idi iliyopita nilikuwapo kwenye uchinjaji wa dume mmoja mnene, manyoya yanang'aa, aliyelishwa unga na pumba kwa muda wa miezi miwili hivi. Watu saba walikuwa wameshirikiana. Kwa desturi yetu ini ndilo linalotangulia jikoni, na watoto walishasimama na sahani. Mchinjaji alipolitoa, upande mmoja ulikuwa na uvimbe mweupe, mkubwa kama ndimu. Aliugusa kwa ncha ya kisu, usaha ukamwagika juu ya majani ya mgomba. Ini lote likafukiwa.

Majipu ya ini yana sababu zaidi ya moja, lakini kwa ng'ombe aliyenenepeshwa kwa nafaka hii ndiyo ya kwanza kuishuku: asidi huunguza ukuta wa tumbo kuu, hufanya vidonda, na bakteria aitwaye Fusobacterium necrophorum hupenya hapo, damu ikampeleka moja kwa moja kwenye ini. Mnyama huweza kukaa nalo jipu hilo bila dalili yoyote mpaka siku ya kisu. Hao hao Wamarekani wenye mitambo ya mvuke, wataalamu wa lishe na mizani ya kila kilo, majipu ya ini bado yanawasumbua machinjioni, na mazizi mengi huchanganya antibiotiki kwenye chakula ili kuyapunguza. Sasa mtu mwenye madume wawili chini ya mwembe, asiye na mizani, atayazuia kwa kitu gani?

Kuna na kwato. Asidi ikizidi tumboni, sumu zake huingia kwenye damu na kuharibu mishipa midogo iliyo ndani ya kwato. Mnyama huanza kutembea kwa tahadhari kama anayekanyaga misumari, kisha huchechemea. Na mnyama wa kuchinja siku ya Idi hafai akiwa kiwete wa dhahiri, wala mgonjwa wa dhahiri, wala mwenye chongo la dhahiri, wala aliyekonda kupita kiasi. Haya yanafundishwa chuoni tukiwa wadogo. Mfugaji hukimbilia unga ili dume apate uzito haraka, na huenda akafika nalo tarehe 10 ya Mfunguo Tatu likiwa zito kweli, lakini halichinjiki kwa nia ile. Watu saba wametoa fedha zao. Hasara hiyo nani anaipima pamoja na zile punje za njano?

Tena zile punje zenyewe. Asubuhi ile, kabla magunia hayajaondoka, nilimwomba jirani tuioshe samadi. Tulichota upawa mmoja, tukatia kwenye chungio bovu, tukamimina maji mpaka yakatoka meupe. Vilibaki vipande vya majani na vile vilivyoonekana kama punje. Nikamwambia abinye moja moja kwa vidole. Nyingi zilikuwa ganda tupu, wanga umeshaliwa ndani, limebaki koti la njano tu. Chache ndizo zilizokuwa nzima, na hizo kuku walizigombania palepale miguuni mwetu. Mzee wangu alikubali alichokiona, ila magunia hakuyarudisha ndani.

Siku kumi baadaye samadi haikuwa na punje hata moja. Ilikuwa ya kijivu, laini, ina mapovu, na inanuka uchachu. Dume mmoja alikuwa amelala tangu alfajiri bila kucheua.

Miaka hii Idi hii inaangukia mwishoni mwa masika na baada yake kidogo, na hilo linazidisha hatari. Majani wakati huo ni machanga, yamejaa maji, hayakwaruzi tumbo kama majani ya kiangazi. Unga juu ya majani hayo ni pigo juu ya pigo.

Haki yao wenye kupenda unga niwape hapa. Kilo moja ya unga kwa siku, ikichanganywa vizuri na machicha ya nazi au wishwa, na ng'ombe ameshashiba majani, haimdhuru. Huchanganyika vyema kuliko chenga, na mnyama hachagui. Hata chenga nazo zikimiminwa ghafla, kilo nne au tano kwa dume mdogo wa kienyeji aliyezoea majani matupu, zitamchachusha. Nafaka yoyote inataka kuzoeshwa kidogo kidogo kwa wiki mbili mpaka tatu. Tofauti ni kwamba chenga humsamehe mfugaji anapokosea kipimo, na sisi tunaopima kwa kopo na kwa jicho tunakosea kila siku.

Kwa nini basi chenga hazipatikani? Nenda mashineni uone. Mashine zetu nyingi zimefungwa chekeche moja tu, la matundu madogo ya unga wa ugali, na mwenye mashine hana sababu ya kulifungua kwa gunia moja la ng'ombe. Chekeche la matundu ya milimita 6 au zaidi lingetosha. Wafugaji wa shehia moja wakikubaliana siku moja ya wiki ya kusagia chakula cha ng'ombe, mwenye mashine atalibadilisha, na umeme utakaotumika ni mdogo kuliko wa kusaga laini. Asiyeweza kungoja hilo anaweza kuyatwanga kinuni mpaka yavunjike, au kuyaroweka usiku kucha ili ng'ombe ayatafune kwa wepesi.

Jirani ana magunia mawili ya unga yaliyobaki. Tumekubaliana dume aliye mzima apewe nusu kilo asubuhi na nusu jioni, baada ya majani na si kabla, uchanganywe na machicha, na mabua ya mpunga yasikosekane horini usiku. Yule aliyeacha kucheua ameshaonwa na bwana mifugo, na amekatazwa nafaka mpaka samadi yake irudi kushikana. Gunia moja la mahindi ambayo hayajasagwa liko ukumbini kwake, linangoja chekeche.