Mwacheni mzee amalize wimbo

Desemba iliyopita nilirudi Kisumu baada ya miaka mitano Leicester, Uingereza, ninakofanya kazi ya kuangalia wazee. Usiku wa pili nilikuwa Kondele, kwenye sherehe ya jirani, na mzee mmoja ameketi kwenye kigoda na nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Waluo. Njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga chombo. Nyuzi nane na mtu mmoja, lakini ukifumba macho utasema ni bendi nzima.

Wimbo ulipofika patamu, shabiki mmoja akainuka, akamshika mzee mikono anyamaze ili yeye ajisifu pamoja na shemeji zake. Kisha akatoa noti ya mia mbili akambandika mzee kwenye paji la uso lenye jasho. Noti ikadondoka. Mzee akainama kuiokota, watu wakacheka. Mimi roho iliniuma.

Pakruok, desturi ya Waluo ya kujisifu katikati ya wimbo, siipingi hata kidogo. Nimelelewa nayo. Mpigaji akipenda hupunguza nyuzi mwenyewe, akakupa nafasi, ukajitaja kwa majina ya sifa, naye akayachukua akayarudisha kwenye wimbo. Hapo mnapiga ngoma wawili. Kumkamata mtu mikono ni kitu kingine kabisa.

Leicester kuna baa ndogo ambapo watu hupiga fidla na gitaa, nyimbo za mababu zao. Mtu akianza kuimba, hata mhudumu wa kaunta huacha kugonganisha glasi. Akimaliza, kofia inazungushwa, na ukitaka CD unainunua mkononi mwake. Hilo nalipenda sana. Ila niseme ukweli, hakuna anayecheza wala kuitikia, na miguu yangu huniwasha chini ya meza. Ukimya huo sitaki kuuona Kondele. Ninachotamani tuige ni ile kofia, na kule kumwacha mtu afike mwisho.

Maana sifa yetu mashabiki wa ohangla na benga, muziki wa Waluo wa ngoma na wa gitaa, imeharibika, tena kwa mikono yetu. Binamu yangu alipooa, baba mkwe alikataa ohangla nyumbani kwake. "Ngoma ni nzuri," alisema, "lakini watu wake!" Nilikosa la kumjibu. Ngoma zile za ngozi ya kenge hazijamkosea mtu. Tunaokosea ni sisi tunaowapapasa waimbaji wa kike na kuita hiyo kutuza, sisi tunaorekodi wimbo mpya kwa simu na kuusambaza kabla mwenyewe hajaingia studio, halafu tunashangaa kwa nini msanii wetu anazeeka bila hata baiskeli.

Na wasanii hawa si watu wadogo. Gitaa la benga lililoenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960 lilijifunza kutoka kwa vidole hivi hivi vya nyatiti. Mwanamuziki wetu Ayub Ogada alipiga nyatiti barabarani na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, Waingereza wakasimama kusikiliza, na mwaka 1993 albamu yake ikatoka huko huko. Alifariki mwaka 2019 akiwa amerudi nyumbani, hapo Nyahera karibu na Kisumu. Wangapi kati yetu tuliwahi kumlipa kiingilio?

Usiku ule nilimfuata yule mzee nyuma ya nyumba. Alikuwa akilegeza nyuzi taratibu na kupangusa bia iliyomwagikia chombo. Nikamwuliza, "Jaduong', tukikuita siku nyingine utadai ngapi?" Akataja bei, na haikuwa kubwa. Kisha akaongeza, "Lakini mwanangu, mniache nimalize."

Mwaka huu nyumbani kwetu tuna sherehe ya mama. Yule mzee nimeshamtumia pesa yake yote kwa M-Pesa, na nauli ya kutoka kwake. Mwenye kutuza ataweka kwenye kikapu kitakachokuwa mbele ya kigoda. Na jina langu lisitajwe mpaka wimbo wa kwanza uishe.