Ng'ombe aliyelala tusimkimbilie na kisu

Hapa Pemba, ng'ombe akizaa kwa shida kisha akashindwa kuinuka, uamuzi hauchelewi. Hupigwa sindano, husubiriwa mpaka alasiri, na magharibi ikimkuta bado yuko chini, wazee husema: tumwahi asije akawa nyamafu. Nawaelewa. Ng'ombe wa maziwa ndiye mchele na madaftari ya watoto wa skuli, na nyama nayo ikipotea hasara huwa mbili. Lakini naamini wengi tunawachinja kwa kukosa tiba ya viungo, hiyo fiziotherapia ambayo kwa binadamu tumeshaikubali zamani. Mgonjwa wa kiharusi hugeuzwa kitandani, huchuliwa, hukunjwa goti na kunyooshwa. Mnyama tunamwachia sindano peke yake.

Adui mkubwa hapa ni uzito. Ng'ombe wa kilo 400 akilalia ubavu mmoja saa nyingi juu ya saruji, paja la chini hubanwa, damu haipiti vizuri, misuli na neva huumia. Ndiyo maana aliyeanguka kwa homa ya maziwa, yaani kupungukiwa kalsiamu mwilini baada ya kuzaa, anaweza kutiwa kalsiamu na daktari, ugonjwa ukaondoka, na bado asisimame. Mguu aliolalia ndio unaomweka chini sasa, na sisi tunasema dawa imekataa.

Nilikwenda kumtazama wa jirani yetu, upande wa Konde. Bwana mifugo alishahakikisha hakuna mfupa uliovunjika wala nyonga iliyoteguka, akataka avutwe juu ya turubai mpaka kwenye mchanga wa kina cha shubiri. Miguu ya nyuma ilifungwa pamoja kwa kitambaa kipana, ikiachiwa nafasi, ili akijaribu kuinuka isitanuke akapasuka msamba. "Tia mkono hapa, mwanangu," bibi mwenye ng'ombe aliniambia. Paja la juu lilikuwa laini, la chini gumu kama ubao. Wakawa wanamgeuza kila baada ya saa chache, usiku na mchana, wanachua kwa mafuta ya nazi, wanakunja na kunyoosha kila kiungo polepole. Alipokuja kusimama alitetemeka mwili mzima, akakojoa, kisha akanyoosha shingo kutafuta majani.

Si kila ng'ombe atainuka. Aliyevunjika paja, au aliyeacha kula na hajaribu tena hata kuinua kichwa, kumchelewesha ni kumtesa. Na kuchua mguu uliovunjika ni kuongeza jeraha, kwa hiyo uchunguzi utangulie mikono.

Wenzetu wameliwekea jambo hili utaratibu. Uingereza, sheria ya 1962 iliruhusu wataalamu wa viungo kutibu wanyama kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Mbwa hutembezwa majini, kwa sababu maji yakimfika nyongani miguu hubeba kiasi cha asilimia 38 tu ya uzito wake. Ng'ombe wa gari anayepona mkazo wa misuli angefaidika vivyo hivyo na bahari tulivu yenye mchanga, nayo tunayo.

Ningependa wataalamu wa viungo wa hospitali zetu wakae na mabwana mifugo, wafundishane. Na wewe mfugaji, ukimwita bwana mifugo, usimwache aondoke kabla hujamuuliza kama mguu ni mzima, na umgeuze ng'ombe kila baada ya saa ngapi.