Klabu ya Riadha Isiyo na Daftari la Muda

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza marathoni kwa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros naye akaandikiwa 2:09:48. Baada ya kilomita 42 na ushei, kilichowatenganisha ni sekunde 0.03, na kwa chembe hiyo Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Huku kwetu Kusini mwa Tanzania tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Halafu klabu ya mbio inatimiza miaka kadhaa, inakatwa keki, zinagawiwa fulana mpya, ngoma inapigwa, na ukiuliza nani ana muda bora wa mita 5000 tangu klabu ianzishwe, hakuna anayejua. Jambo hili linaniuma.

Najua klabu za jogingi zina faida zake. Zinachangia damu, zinafagia masoko, zinazika na kuuguza. Sawa. Lakini ukijiita klabu ya riadha, historia yako ni muda uliopimwa na kuandikwa. Birchfield Harriers ya Birmingham, Uingereza, ilianzishwa mwaka 1877. Mwanachama wake Diane Leather alikimbia maili moja kwa 4:59.6 tarehe 29 Mei 1954, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika tano. Shirikisho la kimataifa wakati ule halikuwa likitambua rekodi ya maili kwa wanawake. Tunaujua muda huo leo kwa sababu walikuwepo watu wenye saa mkononi, kwenye uwanja uliopimwa, wakauandika.

Kwa hiyo tuanze na uwanja. Viwanja vyetu vingi ni vya mpira, na watu huzunguka kwa kukisia: "raundi moja ni mia nne". Mara nyingi siyo. Njia ya mita 400 inachorwa kuzunguka kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 bila kung'oa goli. Tafuta mstari wa katikati ya uwanja. Kutoka hapo pima mita 42.35 kuelekea kila goli, ukifuata mstari unaounganisha katikati ya magoli mawili. Pigilia kigingi. Kama kiwanja ni cha 105 kamili, kigingi kitaangukia kama sentimita 85 kutoka alama ya penalti, upande wa goli. Hicho ndicho kitovu cha kona ya njia ya mbio. Nusu kipenyo cha mstari wa ndani ni mita 36.50, na sehemu iliyonyooka ni mita 84.70 kila upande.

Wanaojua vipimo watauliza mbona vitabu vinaandika 84.39. Kipimo hicho ni cha uwanja wenye ukingo ulioinuka, ambako mbio hupimwa sentimita 30 kutoka ukingoni. Sisi tuna mstari wa chokaa tu, na hapo hupimwa sentimita 20 kutoka kwenye mstari. Ukichora 84.39 kwa chokaa, kila raundi inapungua sentimita 63, na mita 5000 zinapungua karibu mita 8. Mkimbiaji anarudi nyumbani na muda wa uongo bila kosa lake.

Kona usiichore kwa kamba ya nailoni wala ya katani, zote zinavutika. Tumia waya wa kufungia nondo, uwe umenyooshwa, au tepu ya chuma. Ardhi yetu ya mchanga hulegeza vigingi vya mti, kwa hiyo kata nondo ya sentimita 60 na uizamishe mpaka ibaki kipande kidogo tu juu; waya ukizunguka, kigingi kisitikisike. Pembe mraba zipatikane kwa pembetatu ya 3, 4, 5: pima pande za mita 30, 40 na 50. Upana wa kila njia ya mkimbiaji ni mita 1.22. Kwa mbio za mita 400 kila mmoja kwenye njia yake, mwanzo wa njia ya pili unasogezwa mbele mita 7.67, ya tatu mita 7.67 nyingine, hivyo hivyo. Wakipangwa wote mstari mmoja, wa njia ya nane anakimbia karibu mita 54 zaidi. Kona za kiwanja cha mpira zitabaki kama mita moja tu kutoka mstari wa ndani, basi ng'oeni vibendera vyake kabla ya mbio. Kazi hii ifanyike Mei au Juni, mvua zikishaisha na kabla korosho hazijachukua watu.

Halafu saa. Mpima muda, aliyesimama mwishoni, asibonyeze akisikia mlio wa kuanzia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye mita 100 anayengoja mlio anamzawadia mkimbiaji karibu sekunde 0.3. Aangalie moshi wa bastola au vibao vikigongana. Mwishoni anahesabu kiwiliwili kikifika kwenye mstari. Kichwa, mkono na mguu havihesabiwi. Saa ziwe tatu: mbili zikilingana, chukua muda huo, zote zikitofautiana, chukua wa katikati. Zikiwa mbili tu, chukua ule mrefu. Na muda wa saa ya mkono kwenye uwanja hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, 11.41 inakuwa 11.5. Rekodi ya dunia ya Mtanzania Filbert Bayi ya mita 1500, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa mashine ilikuwa 3:32.16, na kwenye orodha ikaingia 3:32.2.

Upepo wa kusi nao usisahauliwe: kwa mita 100 na 200, ukizidi mita 2.0 kwa sekunde mgongoni, matokeo yanabaki lakini rekodi haihesabiki. Kama hamna kipimo, andikeni "upepo haukupimwa".

Daftari lenyewe ni kaunta buku moja na kalamu ya wino. Tarehe, uwanja, mbio, jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, nafasi, muda, saini za wapima muda. Lisiwe kwenye kundi la WhatsApp, maana katibu akipoteza simu, miaka sita imeondoka nayo. Litunzwe kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, kwa sababu ya mchwa, na kila ukurasa ukijaa upigwe picha.

Na ukurasa wa kwanza uwe wa wanawake, mita 1500. Binti akimaliza kwa 6:40.3, iandikwe 6:40.3, wapima muda watatu watie saini, hata kama siku hiyo alikimbia peke yake.