Chaji Imeniisha Mwilini

Jana umeme ukakata saa kumi na moja jioni, kama kawaida yake. Simu ina asilimia 2, mama watoto yuko njiani anatoka msibani Mkuranga, anataka nimpokee kituoni. Nikavaa suruali ya heshima, nikaenda kibanda cha sola.

“Kijana, chaji ipo?”

“Chaji ipi, mzee? Ya kununua au ya kuchaji?”

“Ya kuchaji.”

“Umekuja na chaji?”

“Ningekuwa na chaji ningekufuata wewe?”

“Chaji ya waya, mzee!”

“Waya uko nyumbani. Unachaji bei gani?”

“Mia tano. Ukitumia chaji yangu, chaji inapanda.”

“Ya simu?”

“Ya hela!”

Nyuma yangu mama mmoja mwenye beseni la dagaa akaguna. Nami sikubali kudharaulika mbele ya dagaa. Nikakohoa, nikamweleza kijana kwamba neno hilo Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na mwanzo wake ni kupakia mzigo garini. Baadaye likawa kushindilia baruti kwenye mzinga, ndipo likaja kutia umeme kwenye betri. Kijana ananisikiliza huku anamenya mua kwa meno.

“Kwa hiyo nipakie, mzee, au nisipakie?”

Pakia. Pini haikuingia. Ya kwake taipu C, simu yangu ya enzi za tundu dogo. Akanikodishia waya, mia mbili. Nikatoa noti ya Sh 10,000, chenji hana. “Tuma kwa simu.” Simu gani, mwanangu? Hiyo uliyoishika? Tukasubiri ifufuke, nikatuma 700, nikakatwa na makato. Hiyo nayo ni chaji!

Benki wananichaji kutunza hela ambayo haipo. Zahanati niliambiwa nimwone inchaji. Inchaji yuko semina. Shemeji aliposomewa chajishiti mahakamani, mama mkwe aliuliza foronya zake ziko wapi.

Jamani, si Waingereza watupe hata maneno mawili? Lugha imetawala nusu ya dunia, inashindwa kutofautisha bei, waya, nesi na kesi?

Narudi nyumbani, mama watoto kakaa barazani, viatu mkononi.

“Bodaboda kanichaji elfu tatu. Simu yako haipatikani.”

Nikanyamaza. Nilikuwa nawaza ule mua. Mua wa siku hizi unatafuna taya zinauma, utamu huuoni, na kipande wanauza mia tano.