D si chumba cha pili

Umeme ulikatika saa nane mchana, ukarudi kwa kishindo. Nikasikia "pu!" kwenye kompyuta chini ya meza, na harufu ya plastiki ya kuungua ikajaa kibanda kizima. Mwalimu mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri mitihani yake ya majaribio.

"Kijana, kazi yangu ipo?"

"Usiwe na shaka, mwalimu. Nimeihifadhi na kwenye D."

Nilijibu kwa kujiamini kabisa, mtu mwenye steshenari mjini Tabora miaka minne. Kompyuta yangu ilionyesha sehemu mbili za kuhifadhia, C na D, nami nikadhani D ni chumba cha pili, salama. Fundi akabadilisha pawasapulai, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme, kompyuta ikawaka, lakini diski ikawa inagonga tu: tik, tik, tik. Ndipo nilipojua kwamba C na D zangu zilikuwa diski moja iliyogawanywa, na ikifa imekufa yote. Nikamsihi fundi aifungue. Akacheka, akapitisha kidole juu ya kaunta yangu, akanionyesha vumbi. Kile kichwa kinachosoma data huelea juu ya sahani kwa mwanya mdogo kuliko punje ya vumbi, akasema. Kuifungulia hapa ni kuizika.

Stabilaiza ya kutuliza umeme niliiona ghali. Nikachapa upya mitihani ya mwalimu usiku tatu, bure. Kazi za wateja wengine sikuwa hata na pa kuanzia.

Kwenye vibanda vyetu virusi vinasingiziwa mno. Mama mmoja aliniletea flashi ya hesabu za kikoba, mafolda yote yamegeuka shotikati, yaani vialama vya njia ya mkato tu. Nikasema virusi vimekula kila kitu, nikaifomati, yaani nikaifuta yote. Baadaye nikajifunza kwamba virusi vya aina ile huwa vinayaficha tu mafaili, na amri moja fupi, attrib, ingeyarudisha. Aliyekula hesabu za kikoba ni mimi. (Sijawahi kumwambia.)

Na kuzima masasisho ili bando lisiishe? Nimefanya sana, na bado nawaona wenzangu wakifanya. WannaCry, programu mbaya iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia Mei 2017, ilipitia tundu la Windows ambalo Microsoft walikuwa wameshaliziba kwa sasisho Machi mwaka huohuo. Waliolizwa wengi ni wale ambao kiraka hicho, yaani sasisho hilo, hakikuwafikia.

Sasa nina diski ya nje. Jioni naichomoa, nalala nayo nyumbani. Mwalimu bado ni mteja wangu. Ila siku hizi hatoi hela mpaka aone kazi yake imefunguka kutoka kwenye flashi yake mwenyewe, kisha anaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.