Televisheni ya 3D bila miwani: ukivua miwani, skrini ndiyo inayolipa

Kuna zile rula za plastiki za shule zenye picha inayobadilika: ukiilaza hivi simba amefumba mdomo, ukiigeuza kidogo amefumbua. Pitisha ukucha juu yake, utasikia kwaru-kwaru. Ile mistari si pambo. Kila mstari ni lenzi nyembamba, na chini yake picha mbili zimekatwa vipande kama nyuzi na kupangwa kwa zamu. Lenzi inarusha kipande cha kwanza upande huu na cha pili upande ule. Aliyeielewa rula hiyo ameshaelewa sehemu kubwa ya televisheni ya 3D, yaani inayoonyesha picha yenye kina kama vitu halisi, isiyotaka miwani, na kwa maoni yangu ameshaona pia kwa nini haijaingia sebuleni.

Macho yetu yameachana kwa sentimita sita na kitu. Simamisha kidole mbele ya pua, fumba jicho moja, kisha lingine: kidole kinaruka. Ubongo unaitumia tofauti hiyo kupima umbali, jambo ambalo Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha mwaka 1838 kwa vioo na michoro miwili. Kwa hiyo kazi ya televisheni ya 3D ni moja tu: kila jicho lipate picha yake. Miwani inazitenganisha picha hizo usoni kwako. Ukiivua, utenganishaji lazima ufanywe na skrini yenyewe.

Njia ya kwanza ni kizuizi chenye mianya. Mtu akichungulia uani kupitia ukuta wa fito, jicho la kushoto na la kulia hayaoni kitu kilekile katika kila upenyo. Mmarekani Frederic Ives alilitumia wazo hilo kwenye picha za kawaida mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 2011 kifaa cha michezo ya video cha Nintendo 3DS kililiingiza mikononi mwa mamilioni ya wachezaji. Ubaya wake ni kwamba fito zinakula mwanga mwingi, picha inafifia. Njia ya pili ni lenzi za ile rula, ambazo haziuzuii mwanga bali zinaupinda, na hiyo ndiyo iliyochaguliwa kwa televisheni kubwa.

Hoja ya wanaoitetea teknolojia hii inaeleweka. Wanasema 3D ya sebuleni iliuliwa na miwani. Mwaka 2010 matumaini yalikuwa makubwa: mechi 25 za Kombe la Dunia la Afrika Kusini zilirekodiwa kwa 3D, na ESPN ya Marekani ilizindua chaneli yake ya 3D siku ileile Bafana Bafana walipofungua mashindano dhidi ya Mexico. Mwaka 2013 chaneli hiyo ilifungwa, na kufikia 2017 Samsung, LG na Sony zote zilikuwa zimeacha kutengeneza televisheni hizo. Miwani ilikuwa kero kweli. Ile ya kisasa zaidi ilitaka kuchajiwa au kubadilishwa betri, na akija mgeni, hana yake.

Lakini miwani hiyo ilikuwa na wema ambao watu wanausahau. Kila aliyeivaa, akae kulia au kushoto, alipata picha ileile. Skrini ya lenzi haina uwezo huo bila kujigawa.

Tazama Toshiba, waliothubutu kuuza televisheni ya inchi 55 ya aina hii miaka ya 2011 na 2012. Kioo chake kilikuwa na pikseli (nukta za picha) 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3, ubora unaoitwa 4K. Ili watu kadhaa waone pamoja, skrini ilirusha mionekano tisa tofauti kama feni iliyofunguliwa. Gawa milioni 8.3 kwa tisa, kila mwonekano unapata 1280 kwa 720. Mnunuzi alilipia kioo cha 4K, na akiwasha 3D anapata ubora wa HD ya chini.

Na feni ile ina mwisho. Tuseme kila mwonekano una upana sawa na nafasi kati ya macho yako: tisa kwa pamoja hazifiki hata sentimita 60, kisha zinaanza upya. Ukikaa kwenye mpaka, jicho moja linapata mwonekano wa tisa na lingine wa kwanza, na picha inapinduka: kilicho mbele kinarudi nyuma. Ukijilaza ubavu mkekani, kichwa mkononi, kama tunavyotazama nyumbani siku nyingi, 3D yote inapotea, maana sasa macho yako yamepangana juu na chini huku lenzi zikitawanya picha kulia na kushoto tu.

Watetezi watajibu kwamba vioo vya 8K vipo, vyenye pikseli milioni 33. Nakubali, ni hatua. Ukivigawa kwa tisa kila mwonekano unazidi HD kamili (1920 kwa 1080). Ila mionekano tisa ndiyo ileile iliyotuletea mipaka. Ukitaka 36 ili watu wakae kwa raha, umerudi kwenye 1280 kwa 720. Na hata hapo macho hayajapona uchovu: yanajielekeza kwenye mpira unaoonekana kutokeza mbele, huku lenzi za macho zikilazimika kukaza kwenye kioo kilicho nyuma yake. Kuondoa miwani hakugusi mgongano huo.

Kilichosonga mbele kwa kweli ni kamera inayofuata macho. Skrini ikijua macho yako yalipo, inahitaji picha mbili tu na inakuelekezea wewe. Nintendo iliiweka kwenye toleo la 3DS la 2014, Sony kwenye skrini ya inchi 15.6 mwaka 2020, na Samsung kwenye skrini ya kompyuta ya inchi 27 mwaka 2025. Vyote hivyo ni vifaa vya mtu mmoja aliyekaa mbele ya meza, na hapo mimi nipo upande wa watetezi bila kusita. Daktari anayeukagua mshipa kabla ya upasuaji, au mchoraji anayegeuza umbo la injini, hahitaji jirani aone anachokiona yeye.

Ila kwa fainali ya mpira ndani ya kibanda umiza kilichojaa watu hamsini, bado naichagua televisheni ya kawaida. Aliyewahi benchi la mbele na aliyesimama mlangoni akichungulia kwa ubavu wanaliona goli lilelile.