Cat Stevens, Yusuf, na miaka 28 bila gitaa

Mwishoni mwa 1978 mwimbaji Mwingereza Cat Stevens, ambaye baada ya kusilimu alijiita Yusuf Islam, alitoa albamu iitwayo Back to Earth, kisha akaacha muziki kwa ajili ya dini. Albamu yake nyingine ya nyimbo za aina ile, An Other Cup, ilitoka 2006. Mashabiki wake wa zamani hawajaelewana hadi leo. Kuna wanaosema alizika kipaji kingali hai, na kuna wanaomsifu kuwa mmoja wa wachache waliojua kuondoka mapema. Naona wote wana hoja, ila wanakosea mahali pamoja: wanadhani hakuwa na njia nyingine ila kuchagua kati ya dini na gitaa.

Tuanze na wanaolalamika, maana hasara wanayoitaja ipo kweli. Alizaliwa London mwaka 1948, jina lake Steven Georgiou, baba Mgiriki wa Cyprus na mama Mswidi, na hata miaka 20 hajafikisha alishakuwa nyota wa pop. Kifua kikuu kikamlaza hospitali kwa miezi. Alipopona, zile okestra za nyimbo zake za mwanzo alikuwa hazitaki tena. Katika 1970 na 1971 pekee akatoa albamu tatu za roki ya gitaa kavu: Mona Bone Jakon, Tea for the Tillerman na Teaser and the Firecat. Gitaa lake, gitaa la Alun Davies, ngoma kidogo, na sauti yenye mkwaruzo. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

Chukua wimbo mmoja tu, Father and Son. Aliutunga kwa ajili ya tamthilia ya muziki kuhusu Mapinduzi ya Urusi, ambayo haikukamilika: baba mkulima anataka mwanawe atulie nyumbani, mwana anataka kwenda kupigana. Anawaimba wote wawili yeye mwenyewe, baba kwa sauti ya chini, mwana kwa sauti ya juu, na hakuna anayepewa ushindi. Alikuwa kijana wa miaka 22, hana mtoto. Kama aliweza kumtendea haki mzee kiasi hicho, angetunga nini akiwa na miaka 40, watoto wake wamejaa nyumbani? Hilo ndilo linalowauma watu, na wana haki.

Upande wa pili nao una lake. Nyimbo zake zilikuwa za mtu anayetafuta njia tangu zamani, hivyo kusilimu kwake Desemba 1977, baada ya kusoma Kurani aliyopewa na kaka yake David, hakukupaswa kumshangaza aliyekuwa anasikiliza maneno. Tena kisima kilishaanza kupungua maji. Catch Bull at Four ilishika namba moja Marekani mwaka 1972, lakini Numbers ya 1975 sijawahi kuimaliza bila kuruka nyimbo, na Back to Earth haikukaribia mauzo ya zile za mwanzo. Badala ya kuzunguka majukwaani akiimba yale yale, mwaka 1983 alianzisha shule ya Islamia huko London, ambayo mwaka 1998 ikawa miongoni mwa shule za kwanza za Kiislamu kupata fedha za serikali ya Uingereza. Si kazi ndogo hiyo.

Ila kwa maelezo yake mwenyewe, alipomuuliza imamu mwanzoni, aliruhusiwa kuendelea kutunga, mradi nyimbo ziwe na maadili mema. Wengine walikaza zaidi, naye, akiwa mgeni katika dini na mwenye hofu ya kukosea, akashika la wakali. Matokeo yake yalionekana 1989, katika sakata la Salman Rushdie, mwandishi aliyehukumiwa kifo na Ayatollah Khomeini wa Iran kwa riwaya yake The Satanic Verses. Kauli za Yusuf zilieleweka kuwa zinaunga mkono hukumu hiyo. Yeye amesema mara nyingi kwamba hakukusudia hivyo. Kundi la 10,000 Maniacs likauondoa wimbo wake Peace Train kwenye albamu yao huko Marekani. Mtu ambaye wimboni aliweza kubeba pande mbili bila kumdhulumu yeyote alibaki akijieleza kwa taarifa za magazeti, na huko hakuwa na ustadi.

Gitaa lilirudi nyumbani kwake kupitia mwanawe. Tangu hapo ameingizwa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Marekani, mwaka 2014, na 2020 akairekodi upya Tea for the Tillerman: katika Father and Son mpya, mwana ni sauti yake ya 1970, baba ni yeye mzee wa zaidi ya miaka 70. Nzuri sana, lakini ni wimbo wa zamani. Nyingi kati ya zile mpya zinajua jibu kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Sidhani ni imani iliyozipunguzia makali. Kina Bob Dylan na Neil Young walitoa albamu dhaifu kadhaa miaka ya 1980, wakapita humo kufikia nzuri za baadaye. Yusuf hakupata hata nafasi ya kuharibu.